Mama Alipomhoji Mwajiri

Juzi kwenye maonyesho ya ajira chuoni hapa Kakamega, binti mmoja alisogelea meza ya kampuni kuomba nafasi ya mafunzo kazini. Alikuwa amesindikizwa na mamake kutoka Mukumu. Kabla binti hajafungua mdomo, mama alivuta kiti akaketi.

"Kijana, kwenu ni wapi?" mama alimuuliza afisa wa kampuni aliyekuwa mezani. "Na hawa watoto mnawapatianga chakula saa saba?"

Binti alijifunika uso kwa faili. Afisa alinyoosha tai, akajibu yote kwa adabu kama bwana harusi mbele ya wakwe.

Mama akainuka. "Sawa. Tutaongea na babake, halafu tutakupigia."

Mimi niliyekuwa nyuma yao kwenye foleni, waajiri wameniambia "tutakupigia" miaka mingi. Siku hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipomsikia mwajiri akijibu, "Asante, mama. Nitangoja simu."