Dada Yangu na Nikeli ya Mhadhiri

Dada yangu amepima vitu kwa sumaku miaka kumi na tisa katika maabara ya chuo, na bado kuna watu wanamwita mwosha chupa. Unga wenye nikeli anautia kwenye mrija wa kioo, mrija anauning'iniza kwenye mizani, katikati ya sumaku kubwa. Ukivutwa na kuongezeka uzito, ndani kuna elektroni zisizo na wenzi, na zile atomi nne zinazoizunguka nikeli zimekaa kama piramidi. Ukisukumwa na kupungua kidogo, elektroni zote zimepangana mbilimbili, na zile nne zimekaa mraba, bapa kama sahani.

Mwaka jana mhadhiri mmoja alimletea unga wake mwekundu. Mrija ukavutwa. Piramidi! Makala ya kutangaza hivyo mhadhiri alikwisha kuiandika.

Dada akamuuliza, "Doktari, chupani uliukwangua kwa kitu gani?"

"Kwa kijiko hiki. Ulitaka niulambe?"

Wanafunzi wakacheka. Dada akakitazama kijiko: cha chuma, kimeota kutu ukingoni. Chembe ya chuma isiyoonekana inatosha kuudanganya mrija mzima. Mimi nauza vyuma chakavu, sumaku haitoki mfukoni, na hilo nalijua bila digrii. Dada akatengeneza unga upya kwa maelekezo yale yale, akakwangua kwa plastiki. Uzito ukapungua. Mraba.

"Weka sahihi kwenye kipimo cha kwanza, mama," mhadhiri akasema. "Wewe pima, kufikiri tuachie sisi."

"Siweki."

Jumatatu akahamishiwa ghalani, kupanga chupa tupu. Alikuja kwangu na barua mkononi, ya kumwomba mhadhiri radhi. Nikaichana. Mizani ile ni korofi, na anayeiweza ni yeye peke yake. Nikamwambia akae kimya, mteja atajileta.

Wiki ya tatu mhadhiri akashuka ghalani na mirija minane na tabasamu la mkopaji.

"Mama, tusaidiane. Ile mizani inacheza tu, haitulii."

"Andika kipimo changu kwenye makala, na jina langu. Ndipo nipande."

"Unanitisha?"

"Nauza, Doktari. Bei ndiyo hiyo."

Akaandika juu ya boksi, peni nusura itoboe karatasi. Dada akasoma mpaka nukta ya mwisho, akamrudishia.

"Umeandika nilisaidia kupima. Nani mwingine alipima? Futa hilo neno 'alisaidia'."

Akafuta.