Maziwa ya Kuosha Kifua

Katika kiwanda cha chupa pale Kalundu, mimi na kaka yangu mkubwa, niliyemwita yaya, tulilisha mashine ya kuchanganya mchanga, magadi na chupa zilizosagwa. Mkanda ulichukua mchanganyiko huo na kuupandisha hadi kwenye tanuru. Vumbi lake lilikuwa laini kama unga wa muhogo, nasi tulilivuta kutwa nzima.

Tuliomba ruhusa ya kuulowesha mchanga. Shefu, msimamizi wetu, alikataa, kwa sababu mchanga mbichi unaganda kwenye mkanda. Badala yake alitugawia kikombe cha maziwa kila jioni, eti yanaosha kifua. Nasi tuliamini, wajinga sisi!

Yaya alipoanza kukohoa nilimwachia na kikombe changu.

"Kunywa, yaya. Itaisha."

Alikunywa vikombe viwili kila siku huku akikonda, mpaka akashindwa kupanda ngazi tatu za mashine.

Kwenye matanga yake shefu hakufika. Alituma bidoni ya maziwa, na mama akaipokea kwa mikono miwili.

Wiki iliyofuata nilirudi kwenye mashine. Jioni nilipewa kikombe changu, nikanywa.