Kompyuta ya Mzee wa Mfongo

Kuna siku moja naikumbuka, mwanangu, hata leo nilivyochoka hivi: ile siku niliyoitwa Old Moshi na baba mkubwa, nikapanda mlima nikiwa na maneno mengi, nikashuka sina hata moja. Nakusimulia kwa sababu tangu juzi unaniuliza jambo lile lile. Kompyuta yako uiwekee Linux ipi, uipambe kwa rangi gani, menyu ikae juu au chini. Ningeweza kukujibu kwa neno moja nikaendelea na kazi yangu. Lakini vijana wengi nimewajibu kwa neno moja, na wote walirudi baada ya muda mfupi kuuliza upya. Kaa hapo kwenye kigoda. Mgongo haunipi ruhusa ya kusimama, na kazi za hapa Njoro haziishi hata nikizikimbilia.

Siku zile nilikuwa na kibanda Kiboriloni, pembeni ya soko, natengeneza kompyuta za watu. Nyingi zilikuwa na mfumo wa kunakiliwa ambao haukulipiwa, na kila flashi iliyochomekwa ilileta virusi vyake. Mtu anaacha barua yake salama, akirudi anaikuta imegeuka njia za mkato zisizofunguka. Ndipo rafiki yangu mmoja aliponipa diski ya Linux, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta. Unapewa bure, unaruhusiwa kuufungua ndani, kuubadili, na kumgawia jirani. Wewe umezaliwa ukaukuta, huwezi kujua nilivyojisikia. Nilikuwa kama kijana asiye na kihamba, shamba la ukoo, aliyeambiwa chagua popote, lima.

Na mifumo ya kuchagua ilikuwa mingi. Linux, mwanangu, ni kama migomba yetu: mchare ni wa kupika, kisukari ni wa kula mbivu, kitarasa ni wa unga, na yote inaitwa migomba. Nilitaka kuionja yote.

Sasa, baba mkubwa Elinami, kaka yake baba yangu, alikuwa mzee wa mfongo, ule mfereji unaoteremsha maji kutoka juu hadi kwenye vihamba vyetu. Yeye ndiye aliyejua ukoo upi unasafisha kipande kipi, nani anafungulia maji asubuhi na nani jioni, na mapatano hayo yalitokana na nini. Hakuna aliyewahi kuyaandika. Wenzake waliokuwa wakiyajua walikuwa wameshazikwa. Naye alikuwa na presha ya macho. Daktari alimweleza wazi kwamba dawa zitalichelewesha giza tu, hazitalizuia. Akaamua kuandika kabla halijafika. Kwa kalamu alikuwa haoni tena mstari, hivyo akaniomba nimtafutie kompyuta yenye maandishi makubwa.

Nikampelekea ya mezani, ya zamani, nikaiwekea Linux nyepesi inayoweza kufanya kazi kwenye mashine chakavu. Nikakuza herufi. Alijifunza taratibu, akiinamia kioo hadi pua inakaribia kukigusa. Mama mkubwa alikuwa akicheka kwamba mumewe ananusa maandishi. Lakini aliandika, na alifurahi.

Kosa lilianzia kwenye furaha yangu mimi. Nilipopanda kumsalimia, nilikuta ameandika kurasa kadhaa, nikaona ile menyu imepitwa na wakati. Nikaihamishia juu. Safari iliyofuata nikampa aina nyingine ya Linux, kwa sababu nilisikia ikisifiwa mjini. Kisha nikaweka madirisha yanayotikisika kama pazia ukiyaburuta, na picha ya kilele cha Kibo nyuma ya maandishi. Kila mara nilihifadhi kazi yake kwanza, sikupoteza hata herufi. Kila mara nilimwambia hii ni nzuri kuliko ile. Naye kila mara aliitikia, "Haya, mwanangu," akaanza upya kuipapasa.

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Nilikuwa naujua usemi huo tangu shule, ila sikudhani unanihusu.

Ndipo akaniita. Nilifika saa za mchana, nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na mama mkubwa akaniletea mtori. Baba mkubwa aliningoja nimalize bakuli. Kwetu mtu hasemwi akiwa na njaa. Halafu akaniambia nikae kwenye kiti chake, mbele ya kompyuta, na akanifunga macho kwa kitambaa chake cha shingoni. Akaniagiza nifungue andiko lake.

Nilijua kila kitu kilipo, maana ni mimi niliyekiweka. Hata hivyo nilisukuma kipanya huku na huku, nikabofya nisichokijua, nikasikia mashine ikilia. Nikasema sioni.

"Mimi naona kidogo," akasema. "Lakini macho niliyobakiza ni ya kuandikia, si ya kutafuta ulikoficha vitu. Kila ukija unanijengea nyumba mpya. Nikijua mlango ulipo, unauhamisha. Mwezi huu mzima sijaandika, nimekuwa nikijifunza."

Hakupandisha sauti. Nilifungua kitambaa nikitafuta la kujitetea. Nilitaka kumweleza kwamba ile mpya ni ya haraka zaidi, ina usalama zaidi, na yote yalikuwa kweli. Nilipomtazama, nikaona anaangalia mahali ambapo sikuwepo. Nikakikunja kitambaa, nikamrudishia.

Baadaye nikamuuliza swali ambalo nilipaswa kuanza nalo: anataka nini. Alijibu upesi, kama mtu aliyelisubiri. Alitaka ikiwaka imfikishe moja kwa moja kwenye andiko lake. Alitaka herufi za njano juu ya weusi, kwa kuwa mwanga mweupe ulimchoma. Alitaka kazi ijihifadhi yenyewe. Na alitaka isibadilike.

Nikachagua toleo linalotunzwa kwa miaka mingi bila kugeuzwageuzwa sura. Nikaondoa menyu, nikaondoa picha ya Kibo na madirisha ya kutikisika. Nilipomaliza, kompyuta ilikuwa na sura mbaya kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Nikakaa kando, mikono mapajani, nikamtazama akiitumia, nikijizuia kugusa chochote. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Siku ile niliwaona kunguni wote.

Aliandika msimu mzima wa kahawa. Aliandika sehemu ya chini ya mfongo, ukoo kwa ukoo, hadi karibu na kanisa. Kisha lile giza likafika. Nilijaribu kumwandikia huku akinitajia, ila nilikuwa na kibanda, nilikuwa na watoto, na yeye nguvu zilikuwa zikimwishia, anataja jina moja anasinzia. Sehemu ya juu haikuandikwa. Aliondoka nayo.

Watu wa chini wakigombania maji wakati wa kiangazi, huwa wanaleta zile kurasa, zinasomwa kwenye kikao, mambo yanaisha. Watu wa juu bado wanagombana hadi leo. Mwaka juzi ndugu wawili walifikishana mahakamani kwa ajili ya zamu ya asubuhi. Nikisikia habari hizo, najua kuna mwezi mmoja, pengine zaidi, ambao ungetosha kuandika zamu ile. Maji yakimwagika hayazoleki, mwanangu. Sikulilii, nakueleza tu.

Basi lichukue neno langu, kisha uende, nami nipumzike. Kabla hujachagua mfumo, mjue atakayeutumia na kazi inayomngoja. Kama ni wako, jiulize wewe mwenyewe kwa ukweli ule ule. Mashine yako ni ya zamani, chukua mfumo mwepesi unaotunzwa muda mrefu, ujaribu kwenye flashi kabla ya kuuingiza, uhifadhi kazi zako pembeni. Badilisha kinachokuzuia kufanya kazi. Kinachokuchosha macho kibadilishe. Kisichokusumbua kiache. Ukishapata unaokutosha, funga mlango wa kuchagua, ukae ufanye kazi. Uhuru wa kubadili umepewa bure, na huwezi kudaiwa kwa kutoutumia. Na ukimtengenezea mtu mwingine, usimwambie ni nzuri. Kaa pembeni yake, umwangalie.

Nenda sasa, kabla ukungu haujashuka. Mungu wa baba zako akutangulie, akupe kazi yenye faida kwa watu wako, na akujalie kuifikisha mwisho.