Nilibakiza Kubonyeza Mara Moja

Kabla sijaanza, ujue mimi si mtu wa kuona mambo. Nimesoma sayansi mpaka kidato cha nne. Ukiniambia jini kapita hapa, nitakuuliza kapita saa ngapi na nani kamwona. Sasa hili limenikuta mimi mwenyewe, mchana kweupe, Kariakoo, na hakuna mtu mwingine wa kumuuliza. Naandika kama lilivyokuwa. Ukitaka kucheka, cheka.

Natengeneza kompyuta kwenye chumba kimoja ghorofa ya pili, Mtaa wa Msimbazi. Bosi wangu ni Bwana Nassor, Mwarabu wa hapahapa mjini, mtu wa taratibu mpaka anakera. Ana sheria moja: kabla hujaweka Windows mpya kwenye mashine ya mtu, muulize, "Kuna kitu chako humu?" Halafu usubiri akujibu. Mimi nilikuwa nauliza huku mikono iko kazini, au siulizi kabisa. Kila siku ananitania, "We binti, umeacha wali jikoni?"

Ijumaa moja asubuhi akaja Mwalimu Kimaro, mstaafu, Mchaga anayekaa Gerezani. Laptop kaifunga kwenye kanga kama kichanga.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Hii haiwaki. Inaleta maandishi meupe, halafu giza. Wameniambia inataka Windows mpya. Basi weka, iwake tu. Mjukuu wangu anarudi shule kesho, lazima aondoke na vitu vyake."

"Njoo saa kumi."

Basi, ndiyo hivyo. Sikumuuliza. Na yeye hakusema, maana kichwani mwake kuweka Windows mpya ni sawa na kubadilisha betri za redio, stesheni zinabaki palepale. Kumbe humo ndani mlikuwa na hadithi ambazo mke wake alimrekodia huyo mjukuu kabla mama huyo hajafanyiwa upasuaji wa koo. Mama wa watu yupo hai, ila tangu upasuaji ule hasemi tena. Sauti yake imebaki humo tu, hamna kwingine. Haya niliyajua baadaye. Nakwambia sasa hivi ili ujue kidole changu kilikuwa kinachezea nini.

Adhana ya mchana ikalia. Bwana Nassor akaenda msikitini, maduka ya ghorofa yetu yakafungwa, korido ikawa kimya kabisa. Nikavuta geti la chuma, nikapiga kufuli, ufunguo nikauvaa shingoni. Shika hilo la ufunguo.

Nikachomeka flash yenye Windows, nikawasha mashine huku nagongagonga F12 ili ianzie kwenye flash badala ya diski yake. Flash haionekani. Nikahamisha tundu. Haionekani! Nikazima, nikawasha, nikazama kwenye mipangilio, nikakuta kuwaka kupitia flash kumezuiwa. Nikaruhusu. Hapo nimeshapandwa na hasira, kila ukurasa unaokuja napita bila kusoma. Ikafika pale inapouliza iwekwe wapi. Nikachagua diski nzima, nikabonyeza kufuta. Ikauliza, una uhakika? Kidole kikaenda.

"Umemuuliza mwenyewe?"

Sauti ya mwanamke, nyuma yangu, kwenye stuli ya wateja. Nzito, ina mkwaruzo, na Uchaga kwa mbali. Unadhani nilishtuka? Wala! Ndiyo maajabu yenyewe. Nilikereka tu. Wateja wa Kariakoo wanaingia kama upepo, hata sikugeuka.

"Shikamoo mama. Mzee kasema niweke mpya."

"Marahaba. Kasema iwake. Hakusema ufute."

"Sasa mama, ndiyo kazi inavyofanyika."

"Hamna namna ya kuingia bila kubomoa nyumba?"

Ipo. Ndiyo aibu yangu hiyo, ipo na ninaijua. Kwenye droo kuna flash ya pili ya Bwana Nassor, yenye mfumo unaowaka wenyewe humohumo kwenye flash bila kugusa diski. Unafungua mafaili ya mtu, unayahamishia kwenye diski ya pembeni, halafu ndiyo unaendelea. Siipendi kwa sababu ni polepole. Nikaguna, nikachomoa ile ya kwanza, nikachomeka hiyo. Ikawaka. Nikakuta folda imeandikwa jina la mtoto, Eliya. Nikaanza kuihamisha. Mstari ukawa unatambaa kama konokono, mimi nagonga meza kwa kalamu.

"Una haraka kama yule mbuzi," akasema.

"Mbuzi gani tena mama?"

"Kulikuwa na mbuzi aliyetaka kuuona mlima kabla ya wenzake. Alfajiri akapanda juu ya bati…"

Hapo akakohoa, mara mbili, akaomba radhi, akaendelea. Mbuzi akateleza, akapanda tena, kuku wakamcheka. Niamini, nilisahau kugonga kalamu. Nilikuwa natabasamu mbele ya ile skrini kama mtoto.

"Akafika juu kabisa. Akainua kichwa, akaona…"

Mstari ukajaa. Folda imehama.

"Akaona nini?" Nikageuka.

Stuli tupu, imeinamia mguu wake mbovu. Geti limefungwa, kufuli liko palepale. Nikashika kifua. Ufunguo huu hapa.

Nikabonyeza faili la kwanza la Eliya. "Kulikuwa na mbuzi aliyetaka kuuona mlima…" Sauti ileile. Kikohozi kilekile, palepale kwenye bati, mara mbili, na radhi ileile. Nilisikiliza mpaka mwisho. Mbuzi aliona ukungu mtupu, akakaa juu ya bati kungoja, na alipongoja ndipo mlima ukafunguka.

Bwana Nassor aliporudi nikamweleza. Hakunitania. Aliiangalia stuli, akakaa pembeni yangu tukaweka Windows pamoja, tukarudisha folda mahali pake.

Saa kumi nikaongozana na Mwalimu hadi Gerezani, laptop nikaibeba mwenyewe. Mkewe, Mama Anna, alikuwa barazani anachambua mchele, kitambaa shingoni. Eliya akafungua hadithi, akasogeza sikio. Mama akaniangalia kama mtu tunayejuana. Akachukua daftari analotumia kuongea, akaandika, akampa mumewe. Mwalimu akasoma kwa sauti huku anacheka.

"Anasema mtafute stuli nyingine, hiyo imemuumiza mgongo. Stuli ipi, Mama Anna? Leo si umeshinda hapahapa?"

Mama akanishika mkono, akaubana.

Stuli nimeigongea mguu mpya. Ijumaa mchana naisogeza karibu na meza, na mpaka leo hajaikalia mtu. Ila kidole changu hakiendi tena. Hata mwenye mashine akiwa ameshaondoka, nauliza kwa sauti, "Kuna kitu chako humu?", kisha nanyamaza, nasikiliza.

Na wewe unayepeleka mashine kwa fundi, sema kilichomo. Na wewe fundi mwenye mbio kama zangu, siku ukiulizwa swali na mtu aliye nyuma yako, toa kwanza kidole kwenye kitufe. Kugeuka utageuka baadaye.