Mashua Iliyofungwa Ofisi ya Kata

Mume wangu hakuwa mtu wa mtoni kwetu. Alizaliwa kando ya Ziwa, kwenye familia ya mafundi wa kuunda vyombo, akaja Morogoro angali kijana kufuata kazi za viwandani. Nilimkuta kiwandani hukohuko. Yeye alikuwa seremala wa karakana, mimi nikikunja vitambaa. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na maneno yake yalikuwa na uzito wa kumfanya mtu asahau chakula kinapoa. Nadhani nilimpendea hayo kwanza, sura baadaye.

Kisha ikaja ruksa, kila mtu aingize bidhaa atakazo kutoka nje. Mitumba ikajaa sokoni, vitambaa vyetu vikalala ghalani, na mashine zikaanza kupumzika, leo upande huu, kesho upande ule. Tulipotangaziwa kwamba tumepunguzwa kazini, wengine walilia pale pale getini. Mume wangu hakulia. Alirudi nyumbani akakaa juu ya ndoo, akasema, "Mama, kwenu kuna mto."

Kwetu ni chini ya milima, ng'ambo ya Ruvu ukitokea Matombo. Sisi Waluguru ardhi huipata kwa mama, kwa hiyo shamba lilikuwa langu, na yeye alikwenda kama mkwe. Soko, misheni, hospitali na barabara ya kuelekea mjini vyote vilikuwa upande wa pili wa mto. Kiangazi mtu alivuka kwa miguu, maji ya magoti. Mvua ikinyesha milimani, hata kama kwetu jua linawaka, mto ulikuja mwekundu na magogo juu yake, na kijiji kikabaki kimefungiwa. Palikuwa na mitumbwi miwili mitatu ya kuchongwa, myembamba, ya kuvulia samaki. Ilishazama na watu wetu kadhaa.

Yeye akaunda mashua ya mbao, pana, ya kukaa watu na mikungu yao ya ndizi. Watu walikuja kuangalia na kucheka. Walimwita Mtu wa Ziwani, wakamuuliza kama anangojea bahari ije Uluguru. Mvua za masika zilipofika hawakucheka tena.

Nauli ilikuwa mkungu wa ndizi, au nazi, au chochote, na wagonjwa, wajawazito na wanafunzi hawakutoa kitu. Nilipomlaumu kwamba na sisi tunakula, alinijibu, "Kivuko si duka. Duka likifungwa mtu anakwenda duka jingine. Kivuko kikifungwa atakwenda wapi?" Siasa zake zote zilikuwa hapo. Vyama vingi vilipoingia, kila chama kilitaka kupeperusha bendera yake kwenye mashua. Alikataa zote. Alikuwa akiwaambia abiria huku akisukuma mashua kwa upondo wake mrefu, "Mtu akikuomba kura, mwulize jambo moja tu: nikikuhitaji, utakuwa wapi? Akianza kukueleza habari ya maendeleo, mteremshe." Watu walicheka mpaka mashua ikayumba. Hata wagombea wenyewe walicheka, maana nao walikuwa ndani na maji yalikuwa mengi.

Na jinsi alivyokizungumzia chombo ndivyo alivyokitunza. Kila Jumatatu mchana aliivuta nusu yake mchangani, akapitisha kiganja kwenye maungio ya mbao, polepole, macho kafumba. Akikuta mahali panapovuja alikalafati, yaani alishindilia pamba iliyoloweshwa mafuta katikati ya mbao kwa patasi butu, kisha akapaka lami juu. Lakini hakukubali ikae nchi kavu hadi siku ya pili. Wakati wa kiangazi, mto ulipokuwa mdogo, aliilaza kwenye kidimbwi chini ya ukingo na kuifunika majani ya migomba. "Chombo hakiuliwi na maji," alisema. "Kinauawa na jua. Mbao zikikauka zinanywea, zinaachana. Ukitaka kuua mashua usiizamishe, iheshimu tu, iweke mahali pakavu."

Tulikuwa na watoto wawili. Binti yetu wa kwanza ndiye aliyefanana naye kwa maneno. Mdogo wake wa kiume alibaki mjini kwa dada yangu, akisoma. Binti alipoolewa huko Kingolwira, mume wangu alimvusha yeye mwenyewe na sanduku lake, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alivuka mto mzima bila kusema neno.

Mwaka mmoja, mwisho wa masika, alikuja karani wa kata na mgambo. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alisema, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mnavuka?"

"Hapana mzee. Tumetumwa. Kivuko sasa kimetangazwa zabuni, na mzabuni ameshapatikana. Ana boti ya mashine. Kuanzia sasa hakuna chombo kingine kuchukua abiria hapa."

Mume wangu aliuliza kama yeye naye angeweza kuomba. Karani akatazama chini, akasema muda umepita, tangazo lilibandikwa ofisini. Ofisi ya kata ilikuwa mwendo mzuri kutoka mtoni, juu ya kilima, na hakuna aliyewahi kutuambia kuna tangazo. Mume wangu akasema sawa, basi ataitumia kwa shamba lake tu. Hapo karani akasema lile lililomsawijisha uso: mashua inatakiwa ipelekwe uani kwa ofisi ya kata ikae huko, ili kusiwe na ujanja.

Walikusanya wanaume wa kijiji kuibeba. Hili ndilo ninalolikumbuka kuliko mengine. Walikuwa ni walewale tuliowavusha na wake zao, na maiti zao, na mahindi yao. Hakuna aliyefurahi, lakini hakuna aliyekataa. Mzee mmoja jirani yetu, aliyekuwa akila kwangu, alinipita akiwa na ubavu wa mashua begani, akasema bila kunitazama, "Serikali ikisema, dada, sisi tufanyeje?" Wakaipandisha kilimani, ikafungwa mnyororo kwenye nguzo ya bendera, kavu, juani.

Kwa muda mume wangu alikwenda kila asubuhi na ndoo. Aliteka maji kwenye bomba la ofisi, akaimwagia, akaifunika majani mabichi. Karani alimwacha. Halafu ofisa mkubwa wake akakuta uani kuna tope, akakataza. Mume wangu alirudi na ndoo tupu, akaiweka nyuma ya nyumba.

"Wameniambia nitafute shughuli nyingine," akasema.

"Tutalima," nikamwambia.

"Tutalima," akaitikia. Lakini jioni alikuwa akisimama ukingoni akitazama boti ya mzabuni. Ilikuwa nyeupe, nzuri, ya kisasa, na mwanzoni kila mtu alitaka kuipanda. Baadaye tukazoea: siku hakuna mafuta, siku mwendeshaji kaenda mjini, siku abiria hawajatosha kwa hiyo ngojeni. Tulipolalamika tuliambiwa hii ni biashara, na mwenye nayo ana haki ya kupanga. Jua la kiangazi liliendelea. Niliipita mashua yetu siku moja nikielekea mashine ya kusaga, nikaona mwanga ukipenya kati ya mbao upande mmoja hadi wa pili. Sikumwambia. Nadhani alikuwa amekwishaona.

Binti yetu alikuja kwetu mimba ikiwa kubwa, kama ilivyo desturi, uzazi wa kwanza kuzalia kwa mama. Ilikuwa bado kiangazi, akavuka kwa miguu, kavaa viatu shingoni, akimtania baba yake, "Mbona unalima kama mtu anayepiga kasia?" Tulihesabu kwamba atajifungua kabla ya mvua. Lakini vuli iliwahi mwaka ule. Ilinyesha milimani siku kadhaa mfululizo, na mto ukaja.

Uchungu ulianza alfajiri. Kulipokucha mkunga wa kijiji, mama mtu mzima aliyemzalisha karibu kila mtu pale, alitoka nje akanishika mkono. "Mtoto kakingama, kalala ubavu tumboni. Hapa mimi siwezi. Mpelekeni hospitali, na iwe sasa hivi."

Tukamlaza kwenye kitanda cha kamba, vijana wakambeba hadi mtoni. Gatini hapakuwa na kitu. Mwanamke aliyekuwa akiuza maandazi pale alituambia boti imechukuliwa tangu mapema kupeleka watu wa kampeni kijiji cha chini, wana mkutano, hawajarudi.

Mume wangu aligeuka akaanza kukimbia kupanda kilima, mtu mwenye mvi, na shoka la kijana mmoja mkononi. Wanaume wakamfuata. Niliambiwa baadaye kwamba alikata ile nguzo ya bendera, si mnyororo, na kwamba karani alisimama mlangoni akatazama tu. Nikawaona wakishuka na mashua mabegani, walewale walioipandisha, wakiteleza kwenye tope, na yule mzee jirani yetu akiwa mbele analia kwa sauti kama mtoto.

Walipoishusha majini ilijaa hapohapo. Maji yaliingia kila upande, kama ungo. Wakaivuta tena. Mume wangu akapiga magoti, akapaza sauti, "Kanga! Nipeni kanga!" Tukavua. Wanawake wote waliokuwa pale wakavua kanga zao wakabaki na magauni, na yeye akazipasua vipande, akashindilia kwa kisu, kwa vidole, kwa meno. Mikono yake ilitoka damu. Hapakuwa na lami, akapaka udongo wa mfinyanzi. Binti yangu alikuwa kwenye kitanda mchangani, nimempakata kichwa. Aliponiuliza, "Baba anafanya nini?" nilimwambia anatengeneza. Akasema, "Basi itakuwa sawa."

Jaribio la kwanza lilishindikana, mashua ilikuwa inazama kabla ya kufika katikati. La pili tulivuka. Vijana wanne walichota maji kwa masufuria bila kupumua, mume wangu akasukuma upondo, na mimi na mkunga tulimshika mwanangu huku maji yakitufika kiunoni tukiwa tumekaa. Tulipogusa ng'ambo jua lilikuwa limekwishapita utosi. Wakambeba tena kupanda njia ya misheni. Njiani alifumbua macho akaniambia, "Mama, nimekulowesha gauni." Nilimwambia litakauka. Hakusema tena. Tulipofika kwenye migomba ya kwanza ya misheni, mkunga akaweka mkono shingoni mwake, akawaambia vijana watue kitanda. Aliwaambia kwa upole kabisa, "Tueni, wanangu. Hakuna haraka tena."

Tulimzika na mwanawe tumboni.

Siku ya matanga walikuja watu wa kampeni, na wa chama kingine nao wakaja. Walileta mchele na sukari. Mmoja wao, mgombea udiwani, akaomba kusema machache. Akasema msiba huu umeigusa kata nzima, na kwamba akipata ridhaa yetu, daraja litajengwa.

Mume wangu alikuwa amekaa chini, kajiegemeza ukutani. Watu wote walimgeukia, maana walimjua, walingoja. Akainua uso akauliza, "Boti ilikuwa wapi asubuhi ile?"

Mgombea akasema, "Mzee, ilikuwa kwenye shughuli maalumu, na kwa kweli sisi hatukujua..."

"Basi," mume wangu akasema. Akanyanyuka akaingia ndani.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya mwisho kuhusu siasa. Nayasema bila kutia chumvi. Tulibaki mke na mume miaka mingi baada ya hapo na sikumsikia tena akitoa maoni juu ya chama, diwani, wala zabuni. Redio ikianza taarifa alitoka nje.

Mzabuni hakurudi. Alisema eneo lina hasara, akaihamisha boti yake. Wazee wa kijiji wakaja kwetu, wakakaa mkekani, wakamwomba mume wangu atengeneze mashua, avushe watu kama zamani. Yule jirani yetu alikuwepo, akashika miguu ya mume wangu. Mimi nilikuwa jikoni nikisikia. Nilitegemea atawafukuza. Nilimwomba Mungu awafukuze.

Akawaambia, "Nipeni mbao na pamba."

Walipoondoka nilimvaa. "Utawavusha hawa? Waliobeba mashua yako wakaipeleka kufa?"

"Ndiyo hao pia walioishusha."

"Ilikuwa imeshakufa!"

"Mama," akasema, "mto umejaa. Nani mwingine atawavusha?"

Nilijua anasema kweli. Lakini moyo hauendi kwa majibu. Nilimwangalia akibomoa mbao zilizooza, akitoa vile vipande vya kanga kimoja kimoja, kingine kilikuwa changu, cha harusi. Alivifua, akavianika kwenye ua. Nilivikuta pale asubuhi nikakaa chini.

Abiria wake wa kwanza alikuwa mke wa kijana mmoja jirani, mjamzito, anakwenda kliniki. Niliona kutoka shambani. Alimpa mkono akampandisha, akamkalisha katikati pasipoyumba, akaondoka. Nilifungasha nguo zangu wiki ileile, nikaenda mjini kwa dada yangu, nyuma ya Msamvu, nikaanza kuuza uji stendi. Hatukuachana. Hatukugombana hata. Nilimwambia siwezi kuusikia ule mto, akasema anaelewa.

Alikuwa akija kunitembelea mvua zikipungua, na mkungu wa ndizi, mikono imechubuka, ananuka lami. Alilala, akala, akamuuliza kijana wetu habari za shule, kisha akaanza kutazama milima kuona kama kuna wingu. Ikiwa lipo, aliaga. Mimi nilimsindikiza hadi kwenye basi. Tuliongea juu ya migomba, juu ya paa la nyumba, juu ya magoti yake. Jina la binti yetu halikutajwa, si kwa sababu tulikatazana, bali kila mmoja alimhurumia mwenzake.

Daraja lilijengwa miaka mingi baadaye, sehemu nyingine kabisa, juu zaidi, ambako mto ni mwembamba. Watu wakahama njia. Mume wangu akaja mjini kuishi moja kwa moja, mzee, na mfuko mmoja. Nilimuuliza mashua ameiachaje. Akasema ameiacha majini.