Mkono wa Gari la Mjerumani

Mungu amenipa subira ya miaka mingi hapa Nakivale, lakini gari moja liliimaliza asubuhi moja. Lilikuwa la Kijerumani, la kabla ya Vita Kuu ya Pili, tuliloazimwa kwa harusi kule Nyamitanga. Mzee Bahati, shemasi mwenzangu, ndiye aliyepewa kiti karibu na maharusi. Wivu ukanibana. Nikaomba niibariki safari, nikaweka kiganja ubavuni mwa gari, kati ya milango, nikarefusha maombi ili Bahati achoke kungoja. Ghafla kitu kikanisukuma kiganja.

"Bwana amenishika mkono," nikapaza sauti. Watu wakaitikia amina.

Dereva akachungulia dirishani. "Mzee, hiyo ni mkono ya gari, inatoka kuonyesha tunakata kushoto. Toa yako, twende."