Mpichi Uliopewa Mvua Tatu

Baba yangu anaamini kwamba Mungu aliumba embe, akaridhika, kisha matunda mengine akawaachia wasaidizi. Mama anaamini pichi. Ujanani alisomea ualimu Njombe, akarudi Kahama na cheti, sweta zito, na msimamo kwamba hakuna embe linalofikia pichi lililoivia mtini. Sweta lililiwa na nondo. Msimamo haukuliwa na kitu.

Mimi sikuwa upande wa mtu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani na digrii ya sosholojia, na kazi yangu kubwa wakati huo ilikuwa kuuliza maswali ambayo hakuna aliyeniomba. Nilimuuliza Mama kama ana uhakika kilichokuwa kitamu ni pichi, si ujana.

"Ujana niliula na chumvi," akasema. "Pichi nilikula hivi hivi."

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa kona moja. Nyuma ya jiko letu kuna mahali ambapo maji ya bati hudondokea, na udongo wake hukaa na unyevu hata kiangazi kikikaza. Baba, tangu astaafu kazi ya reli pale Isaka, alitaka kona hiyo ajengee banda la bata. Mama aliitaka kwa mpichi. Walijadili wiki nzima, wakati wa chakula, kwa upole ule wa wanandoa ambao hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kupandisha sauti. Hatimaye Baba akatoa hukumu.

"Mti wako naupa mvua tatu. Ya tatu ikipita bila tunda, naukata, bata wanahamia."

"Na ukizaa?"

"Ukizaa nitalila tunda lake mbele ya watu, na nitasema ukweli."

Mama alikubali haraka mno. Nilimwambia pembeni kwamba pichi ni tunda la baridi, kwamba mti wake hulala majira ya baridi ndipo ukaamka na kuchanua, na kwamba Kahama hakuna kitu chochote kinacholala kwa sababu ya baridi. Akaniambia nitafute aina isiyodai baridi nyingi, kwa kuwa simu ninayo na kazi sina.

Nilitafuta. Aina hizo zipo. Kilichokuwa kigumu ni kumweleza hivyo dereva wa lori la viazi, aliyetuletea miche kutoka Njombe hadi Isaka, imesimama kwenye ndoo nyuma ya kiti chake kama abiria waliokosa nafasi.

"Hii ni pichi aina gani?" nikamuuliza.

"Aina ya kuliwa."

"Inahitaji baridi kiasi gani?"

"Dada, imesafiri na mimi siku zote hizi humu ndani, injini inanichoma miguu, na haijalalamika. Huo ni mti wa joto."

Nilitaka mche ulionyooka, wenye alama safi pale ulipounganishwa na shina lake. Mama alichagua uliopinda. Alisema aliyepinda kwa safari ndefu amezoea shida, aliyenyooka bado hajajaribiwa. Nikauliza ushahidi wake ni upi. Akamwangalia Baba, aliyekuwa amesimama kando akiwa amejishika kiuno, akasema ushahidi anao nyumbani.

Maelezo niliyosoma yalitaka shimo pana na lenye kina, udongo wa juu uwekwe upande huu na wa chini upande ule. Sisi nyumbani tulikuwa na jembe moja lenye mpini uliolegea. Nikaenda duka la vifaa vya ujenzi, la mzee mmoja Mhindi ambaye ukoo wake umeuza misumari Kahama tangu kabla Baba hajazaliwa. Nikaagiza sululu, koleo na karai. Mzee alivipanga juu ya kaunta, akavitazama, akanitazama.

"Hongera, binti. Mmepata wapi?"

"Tunapanda mti."

"Ndiyo," akasema, kwa heshima anayopewa mtu anayeficha jambo lake vizuri. Kisha akaongeza kipande cha kamba bila kuombwa. "Hata kwa mti, kamba inasaidia kushuka."

Hapo ndipo ningepaswa kuelewa. Sululu, koleo na karai, kwetu, si vifaa vya bustani; ni vya kutafutia dhahabu. Hapa Kahama mtu akichimba hata choo, watu hupita kumsalimia mara mbili kwa siku, na salamu zao huwa zinatazama chini. Nami nilichimba mchana kweupe, nikapima kina kwa futi, nikatenganisha udongo kwa rangi. Ningevaa kofia ya tochi nisingevutia watu zaidi.

Wa kwanza kufika alikuwa jirani yetu wa ukuta wa pili, mchimbaji wa zamani aliyeacha machimbo lakini machimbo hayajamwacha.

"Mwangaluka, mayu," akamsalimu Mama kwa Kisukuma. Kisha akachuchumaa ukingoni, akachukua udongo kidogo, akauweka kwenye ulimi. "Mmefika wapi?"

"Magotini," nikasema.

"Mwamba bado."

"Hatutafuti mwamba. Tunapanda mti."

Akauliza mti uko wapi. Nikamwonyesha mche wetu, umesimama kwenye ndoo, mwembamba, umepinda, una majani ya kuhesabika. Aliutazama kwa huruma.

"Msomi, mimi nimechimba Geita, nimechimba Ushirombo, nimeingia maduara, mashimo ya dhahabu ambamo jua ni hadithi. Sijaona mti wa unene wa penseli unaodai shimo la kuzikia fahali."

Nilimweleza kuhusu mizizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaitikia kwa kichwa, akaondoka na udongo kwenye mfuko wa shati.

Tulipopanda mche na kufukia, mtaa ukaamua kwamba tumeficha duara na tunasubiri leseni. Nilitumia juhudi nyingi kukanusha. Nilimwambia mama mwenye mashine ya kusaga, jirani yetu wa mbele, ambaye kila habari hupita kwake pamoja na mahindi, kwamba pale hapana dhahabu, haijawahi kuwepo, na jiolojia ya kona ya jiko letu haina maajabu yoyote.

"Nimekuelewa, dada," akasema. "Wenye nayo wote husema hivyo hivyo."

"Na wasio nayo husemaje?"

Akafikiri. "Wasio nayo hawaulizwi."

Jibu lake lilinisumbua siku kadhaa, kwa sababu sikuona kosa ndani yake.

Kisha udongo ukaanza kupungua. Kila asubuhi tulikuta watu wamechimba usiku, kishimo hapa, kishimo pale, kila kimoja cha ukubwa wa kopo la maziwa, na kila kimoja karibu zaidi na shina. Mzizi mmoja ukatokeza nje kama kidole cha mguu kwenye kiatu kilichochanika. Majani yakalegea. Mama alikuwa akisimama mbele ya mche wake na kikombe cha chai kinapoa mkononi, na Baba alikuwa akipita nyuma yake akipima kona kwa hatua, kama mtu anayepima banda.

Nilitengeneza kibao. Niliandika kwa herufi kubwa: HAPA HAKUNA DHAHABU. Nikakisimika kando ya mche. Kibao hicho kiliharibu kila kitu. Hakuna mtu Kahama aliyewahi kuona tangazo la namna hiyo mahali pasipo na dhahabu. Wiki hiyo walikuja hata watu wa mtaa wa pili.

Mama aling'oa kibao, akakitumia kufunikia pipa la maji, akaenda kwenye mashine ya kusaga. Aliporudi alikuwa ametulia. Jioni ile ile mtaa mzima ulijua utaratibu mpya: anayetaka udongo wa ile kona aje kwa mlango wa mbele, asalimie, aje na ndoo ya samadi ya ng'ombe iliyooza vizuri. Atamwaga samadi pale atakapoonyeshwa, atajaza ndoo yake udongo wa pembeni, ataondoka kwa amani. Shinani hagusi mtu.

"Mama, huo ni udanganyifu," nikamwambia.

"Nimesema kuna dhahabu?"

"Hujasema."

"Nimesema nini?"

"Umesema kuna udongo."

"Na upo?"

"Upo."

"Basi nenda kawaonyeshe pa kumwaga."

Kwetu ng'ombe hawapungui, na samadi hurundikana zizini mpaka inakuwa kilima. Ilikuja kwa ndoo, kwa matoroli, kwa viroba nyuma ya baiskeli. Niliendelea kumwambia kila mmoja, kwa dhamiri safi, kwamba hatapata kitu. Walinishukuru. Mmoja alirudi na ndoo mbili. Nilijaribu kupima kama ukweli wangu unapunguza imani yao hata kidogo. Kwa kadiri nilivyoona, uliirutubisha kuliko samadi ilivyorutubisha mti. Jirani mchimbaji alisema aliosha ndoo yake ya kwanza akaona dalili. Nikamuuliza dalili ya nini. Akasema ya ndoo ya pili.

Mchana mmoja, Mama akiwa kwaya na Baba amelala, nilichukua karai, nikaweka udongo kidogo na maji, nikazungusha kama nilivyowahi kuwaona wachimbaji wakifanya mialoni, wanakooshea dhahabu. Nilifanya hivyo kwa ajili ya sayansi. Mwishoni mwa karai kitu kikang'aa. Nilikaa pale nikitazama, moyo ukinidunda bila kibali changu. Ulikuwa ulanga, ule unaong'aa kwenye kila barabara ya vumbi mkoa mzima. Niliumwaga, kisha nikaangalia nilipoumwaga.

Mvua ya kwanza ilipita, mti ukanenepa. Mvua ya pili ikapita, ukafika usawa wa bati, majani ya kijani kibichi, marefu, yanayometa. Hakuna ua hata moja. Samadi ya mtaa mzima ilikuwa imezaa kivuli. Baba alinunua mbao. Hakusema za nini, ila aliziegemeza pale pale, ukutani, mti uzione.

Nilirudi kwenye simu, na nikapata jambo ambalo mwenyewe sikulipenda: sehemu zisizo na baridi, wakulima wa mapichi huunyima mti maji kiangazi, kisha huupukutisha majani yote kwa mkono. Mti ukijikuta uchi hudhani baridi imekuja na imepita, nao huamka na kuchanua.

Nilimweleza Mama. Yeye, aliyeamini pichi kwa imani tupu miaka yote hiyo, akageuka kuwa mimi.

"Nani kaandika?"

"Watafiti."

"Wamewahi kufika Kahama?"

"Hapana."

"Mti unawezaje kudhani?"

"Ni namna ya kusema."

"Yaani niuvue nguo mti wangu wa pekee kwa sababu ya namna ya kusema."

Kwa mara ya kwanza nilitambua jinsi mtu wa maswali anavyochosha. Lakini mbao zilikuwa pale ukutani. Agosti tukaupukutisha, Mama upande huu, mimi upande ule, jani kwa jani, yeye akiuomba radhi mti kwa sauti ya chini. Mchimbaji alituona kutoka kwake. Hakuuliza. Alivua kofia tu, kama mtu anayepita kwenye msiba. Kufikia jioni mtaa ulikuwa unajua kwamba mganga ametuagiza. Mti ulisimama uchi, matawi matupu, na Baba akaja na futi ya kupimia.

"Mvua ya tatu haijafika," Mama akamwambia.

"Napima tu."

Tukaanza kuumwagilia. Siku nyingi hakukuwa na kitu. Kisha asubuhi moja Mama akaniita kwa sauti nikadhani ameona nyoka. Kwenye tawi kavu kulikuwa na ua la waridi, dogo, limekaa peke yake bila jani hata moja la kulisindikiza. Wiki iliyofuata mti mzima ulikuwa umechanua, na sisi watatu tulikunywa chai ya asubuhi tumesimama, Baba akiwa ameshika futi yake bila kuikunjua.

Maua mengi yalianguka. Matunda yaliyobaki hayakuwa mengi, na ndege walikuwa wanayapigia hesabu, kwa hiyo Mama aliyavalisha soksi. Baba aliligundua hilo siku ya kwenda msibani.

"Soksi zangu nzuri ziko juu ya mti."

"Ziko kazini," Mama akamjibu. Baba akaenda msibani amevaa viatu bila soksi.

Desemba, mvua ya tatu ikiwa inanyesha na maembe yamejaa kila kizingiti, Mama alichuma la kwanza. Aliwaita mashahidi: mama wa mashine, mchimbaji, nami. Baba alikaa kwenye kiti. Alilivua tunda soksi, akaligeuza.

"Lina manyoya. Hili ni tunda au kifaranga?"

"Lifute, ule."

Akaling'ata. Maji yakamtiririka hadi kwenye kiwiko. Alitafuna polepole, akiangalia ukuta. Mama alikuwa ameshika khanga yake kwa mikono miwili, na niliona kwamba hakuwa anatania, na kwamba labda miaka yote hiyo hakuwahi kutania. Baba alikula mpaka kokwa, akainyonya kokwa, akaitoa mdomoni akaichunguza, akairudisha.

"Sema ukweli," Mama akasema.

"Embe ni embe," Baba akaanza. Mchimbaji akaguna. "Lakini hili nalo mtu asilikate."

Akasimama, akazichukua mbao zake mbili mbili, akazihamishia nyuma ya choo, mvua ikimnyeshea, kokwa bado imo shavuni. Mama aliingia jikoni. Tulimsikia anacheka peke yake, akinyamaza, akianza tena.

Mimi nilipewa la pili. Nililila taratibu, kwa haki, bila kuegemea upande wowote. Kwa maoni yangu, embe ni tamu zaidi. Mama alipotoka na kuniuliza, macho yake bado mabichi, nilimwambia tunda moja halitoshi kutoa hitimisho, na kwamba nitahitaji mengine.

Akanipa.